Mbaraka Mwinshehe: mpiga gitaa aliyetaka bendi iwe yake

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tumzungumzie marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa, mtunzi na kiongozi wa bendi ambaye wazee wetu wakisikia gitaa lake tu wanaacha walichokuwa wanafanya. Najua vijana wengi mnamjua kwa nyimbo mbili tatu za kwenye harusi na kwenye mabasi ya mikoani. Mimi pia nilianzia hapo hapo. Lakini ukikaa ukayafuatilia maisha yake unakuta jambo linalotuhusu sana sisi tunaojaribu kuishi kwa kipaji. Huyu bwana alitoka kwenye bendi kubwa yenye jina kabla hajafika hata miaka 30, akaenda kuunda ya kwake. Na amekufa akiwa kijana, lakini nyimbo zake zimeendelea kuuzwa na kupigwa miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo hadithi yake siyo ya muziki peke yake. Ni hadithi ya kujua kilicho chako na kukishika.

Kwanza niwaambie kwa nini mtu wa Isevya anamwandika mtu wa Morogoro. Tabora, kama mnavyojua, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Watu walitoka Bagamoyo kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani, wanapita huku Unyanyembe, wengine wanaendelea mpaka Ujiji. Baadaye Wajerumani wakajenga reli ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo ule ule. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ndiyo maana Morogoro na Tabora, pamoja na umbali wote ule, ni miji iliyofungwa kwa chuma kimoja. Watu, nguo, habari na muziki vyote vilipanda treni.

Na sisi Tabora hatukuwa watazamaji tu. Hapa palikuwa na Kiko Kids, palikuwa na Nyanyembe Jazz, na palikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Marehemu Shem Karenga, aliyefariki Desemba 2014, alitoka Kigoma na jina lake likawa kubwa akiwa na Tabora Jazz. Kwa hiyo nikimsifia Mbaraka msidhani nimewasahau wa nyumbani. Namchukua yeye kwa sababu alifanya hatua moja ambayo wenzake wengi hawakuifanya, na nitaifikia.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 Mzenga, wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Cha kufurahisha ni kwamba mwaka huo huo wa 1944 ndio ilianzishwa Morogoro Jazz, bendi iliyokuja kumpa jina. Yaani mtoto na bendi ni wa umri mmoja. Maisha yake ya ujana yakaangukia Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, wakati ule umezungukwa na mashamba ya mkonge. Mkonge ulileta vibarua kutoka kila kona ya nchi, na vibarua wakilipwa mwisho wa mwezi wanataka mahali pa kucheza. Mji wa namna hiyo bila dansi haukaliki.

Morogoro ya wakati ule ilikuwa na bendi mbili kubwa, na ushindani wake ulikuwa kama Simba na Yanga. Upande mmoja Morogoro Jazz. Upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye watu walimwita SAY kwa herufi za jina lake, Salum Abdallah Yazidu. Salum alikuwa mtunzi hodari aliyependa sana muziki wa Cuba uliokuja kwenye santuri, akauvalisha Kiswahili. Mwaka 1965 Salum Abdallah akafariki kwa ajali ya barabarani, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Naomba mkumbuke ajali hiyo, maana tutarudi kwenye barabara.

Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ndipo Mbaraka akaingia. Alikuwa kijana wa sekondari, akaacha shule kabla ya kumaliza, akafuata gitaa. Hapa natulia kidogo. Mimi nimemaliza kidato cha nne na nyumbani kila siku naulizwa nitafanya nini na maisha, kwa hiyo simshauri mtu aache shule kwa sababu Mbaraka aliacha. Kwa kila Mbaraka mmoja wako vijana mia ambao gitaa halikuwapeleka popote, na hao hakuna anayewaandika. Lakini ukweli ndio huo, jamaa alichagua mapema na hakurudi nyuma.

Akajiunga na Morogoro Jazz, na haikuchukua muda yeye ndiye akawa uso wa bendi. Kwenye bendi za dansi za wakati ule kazi ziligawanywa: kuna wa gitaa la solo, kuna wa rithimu, wa besi, wapiga saksofoni, wa tumba, wa drums, halafu waimbaji mbele. Mtunzi anaweza kuwa yeyote kati yao. Mbaraka alikuwa anatunga, anaimba mwenyewe, anapiga solo na bado anaongoza wenzake. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba gitaa lake halikimbii ovyo. Anaimba mstari, kisha gitaa linamjibu, kama watu wawili wanaoongea barazani. Baadaye likifika lile eneo la kucheza, waimbaji wananyamaza na solo linachukua usukani, saksofoni zinapokezana nalo. Watu wakampa cheo cha Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa zima. Wala hakikuwa cheo cha serikali, ni mashabiki tu walioamua.

Sasa tuelewe bendi zilivyokuwa zinaendeshwa, maana ndiyo kiini cha makala hii. Enzi zile mwanamuziki wa kawaida hakuwa na gitaa lake. Vyombo vilikuwa ghali, vinatoka nje, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Bendi kongwe za mikoani zilianza kama klabu za dansi. Baada ya uhuru yakaingia mashirika: Jumuiya ya Wafanyakazi ikawa na NUTA Jazz kuanzia 1964, polisi wakawa na bendi yao, jeshi nalo likawa na zake, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Mwanamuziki alipata mshahara na uhakika wa kula, na hilo siyo jambo dogo. Lakini ukiondoka, unaondoka na mikono yako tu. Gitaa linabaki, jina la bendi linabaki, hata nyimbo ulizotunga wewe zinabaki zikijulikana kama nyimbo za bendi.

Na kurekodi je? Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, tuliyozoea kuiita RTD, ambayo kumbukumbu zake leo ziko TBC. Bendi inaingia studio Dar es Salaam, inapiga nyimbo zake, zinanaswa kwenye tepu, zinatangazwa nchi nzima. Huku Tabora mtu alikuwa anamjua Mbaraka kwa sauti kabla hajamwona hata kwenye picha. Ila tepu ya redio haiuzwi dukani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Anayetaka sahani yake iuzwe inabidi aangalie Kenya, kwani Nairobi ndiko kulikokuwa na kampuni na mitambo. Hilo tutaona lilivyoyabeba maisha ya Mbaraka mpaka mwisho.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ikapata safari ambayo bendi nyingi ziliiota tu. Walikwenda Japan, mjini Osaka, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70. Maonyesho yale yalifunguliwa Machi yakafungwa Septemba, na watu zaidi ya milioni 64 walipita pale. Hebu fikiria kijana wa Mzenga, miaka 26 hivi, anawapigia dansi la Kiswahili Wajapani! Aliporudi akatunga wimbo kuhusu safari hiyo. Kuna wimbo wake mwingine unaitwa Jogoo la Shamba, na wote mnajua methali inasema jogoo huyo haliwiki mjini. Mimi nasema huyu wa kwetu aliwika Morogoro, akawika Dar, halafu akavuka bahari akawika Osaka.

Mbaraka hakuwa mtunzi wa mapenzi peke yake. Nyimbo zake zilikuwa kama gazeti kwa watu ambao gazeti haliwafikii. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa Ismani na mkulima Saidi Mwamwindi, wakati ambapo serikali ilikuwa inasukuma mashamba ya ujamaa. Nchi ilitikisika, na Mbaraka akatunga wimbo wa msiba kuhusu Dk. Kleruu. Leo hii kijana akitaka kujua nchi ilihisi nini wakati ule anaweza kusoma kitabu, lakini akisikiliza wimbo ule anapata kitu ambacho kitabu hakina, yaani simanzi yenyewe. Sawa, tunaweza kubishana: bendi za wakati ule zilitarajiwa kuimba upande wa serikali, na sauti ya mkulima wa Ismani huisikii humo. Hilo ni kweli. Kwangu mimi ndiyo sababu zaidi ya kuusikiliza, maana unaonyesha nani alikuwa na redio na nani hakuwa nayo.

Basi, tufike kwenye ile hatua. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano. Wadau, msilichukulie hili kirahisi. Mwaka huo nchi iko kwenye Azimio la Arusha, kila kitu kikubwa ni cha umma au cha ushirika, na neno mali binafsi lina harufu mbaya. Yeye yuko kwenye bendi inayojulikana nchi nzima, iliyompeleka mpaka Japan. Angeweza kukaa pale akazeeka kwa heshima. Akaamua kubeba mzigo mwenyewe: vyombo, usafiri, mishahara ya wenzake, na aibu yote endapo ukumbi ungekuwa mtupu. Ukiwa mwajiriwa mvua ikinyesha na watu wasije, ni tatizo la mwenye bendi. Ukiwa mwenye bendi, mvua ile ni yako.

Na ukumbi haukuwa mtupu. Super Volcano ikashika. Alihama na mashabiki wake, na utunzi wake ukazidi kukomaa. Nadhani kilichomsaidia ni kwamba hakuwa na haraka ya kubadilika ili afanane na Wakongo, ambao wakati ule walikuwa wameiteka Afrika Mashariki nzima. Alijifunza kwao, hilo hata sikio la mtoto linasikia, lakini Kiswahili chake na mambo aliyoyaimba vilibaki vya uswahilini kwetu: shemeji, jirani, masimango, pesa, mtu aliyeishiwa. Wimbo wa Shida, wa miaka yake ya mwisho, ulivuka mipaka kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna nchi isiyo na shida.

Kuvuka mipaka, kumbe, kulikuwa na maana yake halisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa mpaka 1983. Lakini soko la santuri la Mbaraka lilikuwa Kenya, kampuni iliyokuwa inatoa sahani zake ilikuwa Nairobi, na mashabiki wake wa Mombasa na Nairobi hawakuacha kumpenda kwa sababu marais wamegombana. Kwa mwanamuziki mwenye bendi yake mwenyewe, ambaye hakuna shirika linalomlipa mwisho wa mwezi, soko likiwa ng'ambo ya mpaka huna budi kulifuata.

Na huko ndiko alikokufa. Januari 1979, wakati vijana wa Tanzania wako vitani dhidi ya Idi Amin, Mbaraka alikuwa Mombasa na bendi yake. Akapata ajali ya gari, akapoteza damu nyingi, akafariki. Alikuwa na miaka 34. Alirudishwa nyumbani na kuzikwa kwao Mzenga. Hesabu haraka utaona kwamba muziki wake wote, kuanzia Morogoro Jazz mpaka siku ile, haukufika miaka 15, na katika hiyo Super Volcano ilipata chini ya sita. Mji mmoja wa Morogoro ulikuwa umepoteza vigogo wake wawili barabarani, Salum Abdallah 1965 na sasa Mbaraka. Mwanamuziki wa bendi kazi yake inaisha usiku wa manane na safari inaanza hapo hapo. Sisi tunaokaa Tabora tunajua safari ndefu ni nini, na ndugu wangapi wametuachia barabara.

Super Volcano bila Mbaraka haikuweza kusimama kama zamani, na hilo ndilo tatizo la bendi ya mtu mmoja. NUTA Jazz ilibadilisha majina na wanamuziki lakini ikaendelea kuishi, kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe asiyekufa. Kwa hiyo sitaki kuwadanganya kwamba njia ya Mbaraka haina hasara. Inayo, na ni kubwa. Ukianguka, kila ulichokijenga kinaanguka na wewe, isipokuwa kitu kimoja tu: nyimbo.

Hizo hazikuanguka. Miaka ya 1980 kampuni ya Polygram ya Kenya ilikusanya rekodi zake na kuzitoa kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Zikaja kaseti, ikaja CD, leo ziko YouTube na kwenye flashi za bodaboda hapa Isevya. Na hapa ndipo wengi tunakosea. Tunazisikia zinaitwa zilipendwa, tunadhani ni mali ya kila mtu, kama embe lililoanguka barabarani. Siyo hivyo. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mkataba huo unasema kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka alikufa 1979. Maana yake nyimbo alizotunga zina ulinzi angalau mpaka mwisho wa mwaka 2029. Anayetaka kuzitengeneza upya auze, au kuziweka kwenye tangazo, anatakiwa kuomba na kulipa.

Tatizo lilikuwa kwamba wakati wa uhai wake sheria ilikuwepo, ya mwaka 1966, lakini ulinzi wa kwenye karatasi haupiki ugali. Chombo cha kukusanya mirabaha, COSOTA, kilikuja baada ya sheria mpya ya mwaka 1999, miaka 20 baada ya msiba. Kizazi kizima cha dansi, wa Morogoro, wa Dar na wa kwetu Tabora, kilitunga, kikachezesha nchi, na wengi wakazeeka bila kitu.

Mimi siyo mwanamuziki, ila hili linaniuma kwa sababu nalijua kwa kiwango changu kidogo. Niliwahi kuandika habari ya wafuga nyuki, nikazunguka siku tatu kwa baiskeli na hela yangu. Wiki iliyofuata nikaikuta kwenye ukurasa mwingine, neno kwa neno, jina langu halipo. Nilipouliza sikujibiwa. Ni habari moja tu na nilikula hasara ya pesa ndogo. Sasa piga picha ni nyimbo zako zote, na wewe uko kaburini, huwezi hata kuuliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenzangu mnaorekodi kwenye vistudio vya mtaani huku Isevya, Ng'ambo na Gongoni ni hili. Kabla hujamwachia mtu wimbo, andikianeni, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: nani katunga, nani kapiga, nani kalipia studio, na kitakachopatikana kinagawanywaje. Halafu ukasajili COSOTA. Na nyie wazee wetu mliocheza Segere Matata, ambao mnawakumbuka watunzi wa Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids kwa majina na kwa nyimbo, naomba mtuandikie hapo chini nani alitunga nini. Tukianza sasa, hata mjukuu wa mpiga besi wa Tabora atakuwa na mahali pa kuanzia akitaka kudai.

Nawasilisha wadau.